Kununua kikanisa kilichofungwa na kukigeuza matumizi: mwongozo kamili kwa England na Wales

Matangazo ya vikanisa vinavyouzwa yanafanana kama mapacha. Kuna picha ya mbele yenye madirisha marefu na jiwe lililochongwa mwaka, picha ya ndani iliyopigwa kutoka kwenye mimbari, halafu sentensi isemayo jengo linafaa kwa matumizi mapya, mnunuzi akipata vibali vinavyohitajika. Bei yote imejificha katika maneno hayo ya mwisho. Kikanisa cha mawe kilichokuwa kikikalisha watu mia tatu kinaweza kuuzwa kwa pesa isiyonunua nyumba ya vyumba viwili katika mtaa huohuo, na anayeiona bei hiyo mara ya kwanza hudhani muuzaji hajui hesabu. Anajua sana.

Nimeandika kwa mtu anayefikiria kununua kikanisa England au Wales, kwa makazi, biashara au shughuli za jamii. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao, kwa hiyo usizibebe hatua hizi huko. Na nikwambie mapema ninakosimama, maana kila ushauri ulio chini unatoka hapo: katika kikanisa unanunua ukumbi mmoja mrefu, wenye mwanga kutoka pande mbili na paa lililo juu sana. Matumizi yanayouhitaji ukumbi huo yatakuletea kibali kwa urahisi zaidi, gharama ndogo zaidi na jengo zuri zaidi. Matumizi yanayoukatakata yatapigana nawe hadi siku ya mwisho.

Kwanza, zunguka nje

Nenda siku ya mvua. Wakala atakuomba usogeze tarehe hadi kukauke. Mwambie huna nafasi nyingine. Kabla hata mlango haujafunguliwa, zunguka jengo zima ukiangalia juu. Mifereji ya paa ya zamani ni ya chuma cha kusubu, na miaka mitano ya majani bila kufagiwa inatosha kuiziba. Maji yakikosa pa kupita hufurika upande wa ndani, yanashuka ukutani, yanalowesha ncha za kenchi zilizozikwa kwenye mawe, na hapo mbao huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki. Michirizi ya kijani ukutani chini ya mfereji ndiyo hati ya kwanza ya jengo. Isome kabla ya zile za wakili.

Angalia pia viungo vya mawe. Kuta za karne ya 19 zilijengwa kwa chokaa, nene na bila uwazi katikati, zikiwa na kazi ya kunyonya unyevu na kuupumua nje. Karne ya 20 ikaja na saruji: mtu akajaza viungo kwa saruji ngumu akidhani anaimarisha, na maji yaliyokuwa yakitoka kwenye chokaa yakabaki ndani. Ukiona mistari ya kijivu iliyotuna kuliko mawe yenyewe, tarajia plasta inayomeng'enyuka upande wa pili. Kazi ya kuiondoa saruji hiyo na kurudisha chokaa ni ya mwashi mvumilivu, na hulipwa kwa siku.

Sasa tazama chini. Gari linaingia? Vikanisa vingi vilijengwa kwa watu waliokuja kwa miguu, na baadhi vina ujia tu unaopita kwenye ardhi ya jirani. Uliza haki ya kupita imeandikwa wapi, na kama ni ya miguu peke yake. Uliza maji taka yanakwenda wapi, kwa sababu mashambani si ajabu kukuta hayaendi popote: choo cha nje, bomba moja la maji baridi, basi. Uliza umeme unatosha nini. Na hesabu makaburi. Nitayarudia.

Kisha ndani, na utafute ndoo

Kikanisa cha kwanza nilichoingia kukikagua kilikuwa kimefungwa miaka minne, na ubao wa namba za nyimbo ulikuwa bado na tatu za ibada ya mwisho. Picha za tangazo zilikuwa safi. Nilipopanda roshani nikakuta ndoo mbili za plastiki na bakuli la kuokea keki, zote zimejaa, kila moja chini ya doa lake darini. Mpiga picha alikuwa amesimama mahali pekee katika jengo zima ambapo hazionekani. Tangu siku hiyo huanza na roshani. Waumini wa mwisho huwa wazee wachache wasio na pesa ya paa, na pale walipoweka ndoo ndipo paa linapovuja, hata kama leo pamekauka.

Ukiwa huko juu, nusa. Harufu kama ya uyoga ni kuvu wa kuozesha mbao, na mbaya kuliko wote kwa jina la kisayansi ni Serpula lacrymans, anayeweza kutambaa juu ya mawe na plasta akitafuta mbao nyingine. Gonga mbao za chini ya mabenchi kwa kisigino. Kwa kawaida mabenchi hukaa juu ya jukwaa la mbao lenye uwazi chini yake, na uwazi huo huishi kwa matundu ya hewa yaliyo nje, ambayo mara nyingi yamezibwa na udongo uliopanda mwaka hadi mwaka. Kama kilikuwa cha Wabaptisti, fahamu kwamba chini ya sakafu mbele ya mimbari huenda kuna birika la ubatizo lenye ngazi, limefunikwa kwa mbao na zulia. Mbao hizo hazikuwekwa kubeba friji.

Halafu kuna asibesto. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, kwa hiyo chochote kilichowekwa kabla ya hapo kinashukiwa: chumba cha boila, mabomba yaliyofungwa, dari za vibao za miaka ya 1960, hita za zamani. Usitoboe. Lipa upimaji.

Kabla ya kutoa ofa yoyote, mtafute soroveya, yaani mkaguzi wa majengo, mwenye uzoefu wa majengo ya chokaa. Soroveya wa nyumba za kawaida ataweka kifaa chake cha unyevu ukutani, kitalia, naye atapendekeza sindano za kemikali. Ukuta wa mawe hauhitaji sindano. Unahitaji mfereji uliosafishwa.

Nani anauza, na anaruhusiwa kuuza nini

Muuzaji kwa kawaida ni wadhamini wa shirika la hisani, na Sheria ya Mashirika ya Hisani ya 2011 inawabana. Lazima wapate ripoti ya maandishi ya mshauri anayetambuliwa na sheria, watangaze kama alivyoshauri, na waridhike kwamba wameuza kwa masharti bora yanayoweza kupatikana. Kwako maana yake ni mbili. Kwanza, hadithi nzuri kuhusu watoto wako haitapunguza bei, hata kama mzee wa kanisa amelengwalengwa na machozi. Pili, hadi siku mnapobadilishana mikataba iliyosainiwa, ofa kubwa ikija wanaweza kulazimika kuisikiliza. Fanya haraka upande wa wakili.

Wakili wako asome hati za kwanza kabisa, zile za kuandikwa kwa mkono. Vikanisa vidogo vya kujitegemea vilimilikiwa na wadhamini waliotajwa kwa majina, na wakati mwingine wote wamefariki bila kuteua wengine, na ardhi haijawahi kusajiliwa Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi. Hilo hutatulika, ila huchukua miezi. Kitu cha pili cha kutafuta ni masharti yanayoambatana na ardhi: hakuna pombe, hakuna kamari, pengine hakuna dini nyingine. Mengi yalitiwa wakati wa kuuza, kwa dhati kabisa. Ukitaka kufungua baa, sharti la pombe ni mlango uliofungwa mpaka mwenye haki nalo aufungue, na bima ya sharti si sawa na ruhusa. Cha tatu ni kipengele cha kumrudishia muuzaji sehemu ya faida ukipata kibali au ukiuza ndani ya miaka kadhaa. Soma asilimia, soma miaka, na soma hasa ni tukio gani linaloamsha deni.

Kanisa la parokia la Church of England lina njia yake tofauti: kufungwa na kupewa matumizi mapya hupitia Church Commissioners, chombo cha kanisa hilo kinachosimamia mali zake, chini ya sheria ya kanisa ya 2011, na matumizi yenyewe huandikwa katika waraka wa mpango. Huwezi kununua ukafikirie baadaye.

Waliozikwa hapo

Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza, kwa sababu makaburi yanaonekana kama bustani. Sheria ya 1884 ya viwanja vya makaburi visivyotumika inakataza kujenga juu ya ardhi hiyo, isipokuwa kupanua nyumba ya ibada. Marekebisho ya 1981 yalifungua njia kwa ardhi isiyo ya Church of England, kwa masharti ya kutangaza na kushughulikia mabaki. Mtu akiwa amezikwa ndani ya miaka 50 iliyopita na ndugu yake akapinga, jengo halijengwi. Kuhamisha mabaki kutoka kwenye ardhi isiyowekwa wakfu kunahitaji leseni ya Wizara ya Sheria. Kwenye ardhi ya wakfu ya Church of England ruhusa hutoka kwa mamlaka ya kanisa. Kuyagusa bila ruhusa ni kosa la jinai.

Kumbuka kwamba sheria inazungumzia ardhi yenyewe, hata pasipo na jiwe juu yake. Kijia cha gari, shimo la tanki la maji taka, mtaro wa bomba la pampu ya joto, hata kibanda: vyote vinagusa swali hilo. Omba daftari la mazishi na ramani ya makaburi kwa muuzaji. Visipokuwepo, kaa chini na yule bibi aliyekuwa akifagia kanisa. Atakuonyesha kwa kidole mahali walipolala watoto ambao hawakuwekewa mawe.

Mara nyingi muuzaji hubaki na uwanja, akakuuzia jengo tu pamoja na haki ya kupita. Mpango huo ni mzuri kuliko unavyosikika: mzigo wa kutunza unabaki kwake. Ukiuziwa vyote, utapewa pia masharti kuhusu ndugu kutembelea makaburi. Yaandikwe wazi, yaseme saa na njia ya kupita, maana dirisha la chumba chako cha kulala litakuwa mita tatu kutoka kwa mama ya mtu.

Vibao vya kumbukumbu vilivyo ukutani ndani ni suala hilohilo kwa umbo jingine. Kibao cha waliokufa vitani usikiguse kabla ya kuuliza baraza la eneo, yaani halmashauri. Vingine, zungumza na familia. Wengi hufurahi vikibaki.

Kama kimeorodheshwa kuwa urithi

Angalia orodha ya Historic England au ya Cadw, vyombo vya urithi vya England na Wales, kulingana na upande wa mpaka ulipo. Madaraja ni I, II* na II, na Daraja la II ndilo lenye majengo mengi mno kuliko mengine. Kuorodheshwa hushika jengo lote, ndani na nje, pamoja na vitu vilivyofungwa humo: mabenchi yaliyoshikizwa, mimbari, roshani na nguzo zake za chuma, kinanda cha mabomba, na katika vikanisa vya Wales ile sedd fawr, kiti kikubwa cha mashemasi kinachozunguka mimbari. Ukuta wa uwanja au banda lililokuwepo kabla ya tarehe 1 Julai 1948 kwa kawaida nalo limo.

Kubadilisha bila idhini ni kosa la jinai. England adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka miwili au faini isiyo na kikomo. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba hatua za kurudisha jengo katika hali yake humfuata mmiliki wa leo na hazina muda wa kuisha. Aliyeng'oa mabenchi anaweza kuwa muuzaji. Atakayedaiwa ni wewe. Kuna kona moja ya kuangalia hapo: madhehebu kadhaa, wakiwemo Wamethodisti, hayahitaji idhini ya serikali kwa kazi za ndani ya kanisa linalotumika, kwa sababu yana utaratibu wao. Msamaha huo hukoma ibada zikikoma. Kwa hiyo uliza mabadiliko yalifanyika lini, na karatasi ya dhehebu iko wapi.

Wales ilihamia kwenye sheria yake, Sheria ya Mazingira ya Kihistoria ya 2023, iliyoanza kazi Novemba 2024. Wakili anayekunukulia ile ya zamani ya majengo ya urithi, ya 1990, kwa jengo la Wales muulize mara mbili.

Popo

Popo wote Uingereza wanalindwa, na pango lao linalindwa hata wakiwa hawapo. Paa la vigae vya mawe lenye nyufa juu ya dari tulivu ni hoteli yao. Ukaguzi wa mchana unaweza kufanywa wakati wowote, lakini wa jioni, wa kuhesabu wanaotoka, hufanywa kati ya Mei na Septemba. Ukinunua Oktoba bila ukaguzi, huenda maombi yako yakasubiri hadi kiangazi. Nimewaona watu wakilipia bima na riba majira mazima ya baridi kwa ajili ya viumbe wenye uzito wa sarafu mbili. Weka ukaguzi kwenye kalenda kabla ya kitu kingine chochote, na usishangae ukiambiwa uache mlango wao juu ya dari.

Chagua matumizi yanayoutaka ukumbi

Kwenye Brick Lane, London, kuna jengo lililojengwa mwaka 1743 kama kikanisa cha Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso. Mnamo 1819 likawa la Wamethodisti, mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti. Jamii nne, lugha nne, na kuta zilezile zikavumilia, kwa sababu kila aliyekuja alihitaji chumba kimoja kikubwa cha kukusanyika. Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko lililowekwa wakfu 1294 lilifunguliwa kama duka la vitabu mwaka 2006: walisimamisha kabati kubwa la chuma la ghorofa kadhaa upande mmoja, wakaacha upande wa pili wazi hadi darini. Siku moja kabati likiondolewa, kanisa liko palepale. Manchester wanapanda kuta za kukwea ndani ya lililokuwa kanisa la St Benedict, michezo inayolipia urefu wa paa ambao mwenye nyumba angelipia kuupasha joto.

Urefu huo una hesabu. Kikanisa cha mita 9 kwa 14 chenye kimo cha mita 8 kina mita za ujazo 1,008. Nyumba ya mita za mraba 90 yenye dari za mita 2.4 ina 216. Unapasha joto karibu nyumba tano, na hewa moto yote inakimbilia juu kwenye roshani. Karakana, ukumbi wa muziki, studio, gym, maktaba, nyumba ya ibada ya jamii nyingine: hawa wote wanaweza kuishi na koti kidogo, au kupasha joto saa chache tu wanapokuwepo. Familia haiwezi.

Je, usinunue kwa makazi? Nunua, lakini tafuta kikanisa chenye chumba cha nyuma. Vingi vina ofisi ya mchungaji na ukumbi wa shule ya Jumapili vilivyounganishwa, vyenye dari za kawaida na madirisha ya kawaida. Weka vyumba vya kulala, bafu na jiko huko, na ukumbi mkuu ubaki sebule moja isiyokatwa, pengine na roshani kama chumba cha kusomea. Ghorofa mpya inayopita katikati ya madirisha marefu ndiyo kosa linaloonekana kutoka barabarani, na afisa wa urithi huliona kabla hajashuka kwenye gari. Kama lazima uweke ghorofa, irudishe nyuma mita moja kutoka kwenye dirisha, au jenga sanduku linalosimama peke yake ndani ya ukumbi bila kugusa kuta.

Vibali, kwa mpangilio

England, nyumba za ibada zimekuwa daraja F1 la matumizi tangu Septemba 2020. Wales bado ni D1. Kwenda kwenye makazi kunahitaji kibali cha mipango miji, na njia za mkato zinazoruhusu maduka na ofisi kugeuka nyumba hazihusu vikanisa. Anza kwa ushauri wa awali wa baraza, unaolipiwa. Peleka mchoro wa mkono na swali moja: matumizi haya mnayaonaje? Jibu lao litakuokoa miezi ya michoro.

Baraza litauliza kama jamii imepoteza ukumbi. Kusanya ushahidi: kikanisa kilitangazwa muda gani, nani aliulizia, kumbi nyingine ziko wapi. England kikiwa kimesajiliwa kama mali yenye thamani kwa jamii, kikundi cha wenyeji kinaweza kusimamisha uuzaji hadi miezi sita ili kijaribu kununua. Litauliza pia kuhusu maegesho na madirisha yanayochungulia kwa jirani. Uamuzi wa kawaida hulenga wiki 8. Majengo ya urithi huvuka hapo mara nyingi. Kibali England kwa kawaida huishi miaka mitatu kabla ya kazi kuanza, Wales mitano.

Kanuni za ujenzi ni mlango mwingine kabisa, na kupita wa kwanza hakukupitishi wa pili. Kubadilisha matumizi huleta moto, sauti, hewa na upotevu wa joto mezani. Wales, nyumba zinazobadilishwa kuwa makazi zinahitaji mfumo wa kuzima moto wa maji tangu 2016, na bomba lile moja la maji baridi halitauendesha. Pima msukumo wa maji mapema.

Pesa

Benki za kawaida hazikopeshi jengo lisilo na jiko wala bafu. Utahitaji pesa taslimu, mkopo wa muda mfupi wenye riba kali, au mkopeshaji maalumu anayetoa pesa kwa awamu kazi inapofika hatua fulani. Kama ni mnada, nyundo ikigonga umefunga mkataba: asilimia 10 siku hiyo, iliyobaki kwa kawaida ndani ya siku 28. Mnada wa mtandaoni wa siku 56 una ada ya mnunuzi inayoweza kukuuma kuliko kodi ya ununuzi. Nje ya mnada, omba mkataba wenye sharti la kibali. Wadhamini wengi hukubali, bei ikipanda kidogo.

Kodi ya ununuzi ina habari njema, maana kikanisa hutozwa kama jengo lisilo la makazi. England hakuna kodi hadi pauni 150,000, kisha asilimia 2 hadi 250,000, na asilimia 5 juu yake. Cha pauni 180,000 kinalipa 600. Wales sifuri inafika 225,000.

VAT ndiyo inayowaponza watu. Mkandarasi anayegeuza jengo lisilo la makazi kuwa nyumba hutoza asilimia 5 badala ya 20. Ukijenga mwenyewe nyumba yako ya kuishi, kuna utaratibu wa kurudishiwa VAT uliyolipa. Dai ndani ya miezi sita baada ya kukamilisha. Lakini fundi akikutoza 20 kimakosa, mamlaka ya kodi haitakurudishia kile ambacho hakikupaswa kutozwa; utamfuata fundi, na fundi labda kashahama namba. Mweleze kabla ya ankara ya kwanza. Msanifu, soroveya na mhandisi wao ni 20, na hairudi.

Tenga akiba ya dharura ya asilimia 20. Wengine husema 10. Hao wamejenga nyumba mpya.

Kazi yenyewe

Siku unayopewa ufunguo, bima iwe tayari. Jengo tupu lina bima yake, yenye masharti ya kulikagua kila wiki au mbili, na madini ya risasi yaliyoezekwa paani huibwa. Kazi ya kwanza ni mifereji, ya pili paa. Kisha acha jengo likauke, madirisha yakiwa wazi kidogo, msimu mzima ukiweza. Anayepaka plasta mpya juu ya ukuta uliolowa miaka minne atapaka tena.

Pandisha jukwaa la mafundi la ndani mara moja tu, ufanye dari, umeme, rangi na vihisi vya moshi vyote kabla halijashuka, kwani kulikodi upya kwa ajili ya taa moja ni uchungu wa aina yake. Kuta za chokaa zipewe plasta ya chokaa na vizuia joto vinavyopumua, mfano nyuzi za mbao. Mabamba ya povu yaliyobandikwa ndani hufungia unyevu nyuma yake. Paa ndilo linalolipa haraka zaidi kwa kuzuia joto. Kwa kupasha, mabomba ya chini ya sakafu huweka joto miguuni walipo watu, lakini kuyalaza huhitaji kufumua jukwaa la mabenchi, kwa hiyo idhini kwanza. Vioo vya rangi viachwe, na kioo cha pili kiwekwe ndani yake chenye nafasi ya hewa.

Mabenchi yakiruhusiwa kutoka, yafungue kwa skrubu, usiyavunje. Mbao zake za msonobari wa karne ya 19 zina nyuzi zilizobanana kuliko chochote utakachokuta dukani, na seremala atakutengenezea jiko na ngazi. Kinanda usikiuze kabla ya kumpata anayekihitaji kweli. Kukifungua kipande kwa kipande ni kazi ya wiki, na mabomba yaliyolundikwa gereji hayarudi kuwa kinanda.

Waalike waumini wa zamani kabla vumbi halijaanza, wachukue picha. Chai na saa mbili zinatosha. Mmoja atakwambia bomba kuu la maji limepita wapi, maana alilichimba na baba yake, na kwenye michoro ya kampuni ya maji litakuwa upande mwingine. Ukimaliza ujenzi, komeo la lango la makaburi liwe la kunyanyua kwa mkono, lisilohitaji ufunguo, na mifereji ipandiwe kila Novemba majani yakishaanguka, kisha tena Machi.